Jina Langu Lilinitangulia

Ndugu na marafiki wa Mususa, hapa Butembo, tangu nirudi sipiti barabarani bila mtu kunishika mkono: "Kasereka, ilikuwa je? Visa ilitoka?" Nikijibu kwamba ni habari ndefu, mnacheka, mnafikiri naficha bahati yangu. Sifichi bahati. Nimekaa siku kumi na moja ndani ya atelier, karakana yangu, bila kuwasha mashine, maana kila nikishika chuma nakirudisha chini. Mke wangu Masika ndiye aliyeniambia, "Andika. Pengine ukiandika utalala." Basi naandika. Nimetumia Kiswahili cha kanisani, kile tunachosoma katika Biblia, ila maneno ya watu nimeyaacha vile walivyoyasema: 'njo' badala ya 'ndiyo', 'mais' badala ya 'lakini', 'ku' badala ya 'kwenye'.

Mambo ya mafomu na picha na kungoja intaneti nayaruka. Mnajua pia jinsi ilivyoanza. Kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza mashine za shamba ilinitazama kwa simu nikichonga chuma kwenye tour, ile mashine yangu ya kuchongea, wakapenda mkono wangu. Serikali yao ina mpango wa kuwapa mafundi wa kigeni ruhusa ya kazi, mradi wawe na diploma na wawe wameitwa na mwenye kazi. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Ilibaki kwenda Kampala, kwenye ubalozi wao, kuweka alama za vidole na kujibu maswali. Jina la nchi nimeliacha kusudi, kwa sababu kesi haijafungwa.

Butembo hadi Beni

Niliondoka Ijumaa asubuhi, na mvua. Hatukufika mbali. Kwenye mlima mmoja lori la mbao lilikuwa limelala kukingama barabara, magurudumu ya nyuma yamezama mpaka katikati. Dereva wetu alishuka, akatazama, akarudi: "Dakika tano." Tulikaa pale saa tatu na nusu.

Karibu nami alikaa mama mmoja mwenye kupeleka maavoka, yaani maparachichi, Beni, mama Kahambu. Alipoona njaa imenibana alipasua avoka kwa kisu chake, akapaka juu ya mkate, akanyunyiza chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha sachet ya plastiki. Nimekula karamu nyingi maishani, lakini mkate ule naukumbuka.

"Unaenda kutafuta kazi kwa bazungu?" akaniuliza.

"Njo vile, mama."

"Na huku kazi imeisha?" Alinitazama vizuri. "Mais wewe njo fundi wa Mususa! Wewe njo ulichonga kile chuma ya moulin ya kusaga ya bwana yangu. Sasa ukienda, na moulin ikavunjika, tutakuita ku simu?"

Nikatafuna mkate.

Tulipovuka lile lori, tukafika kwenye barrière ya wauguzi, mahali tunaponawa mikono na kupimwa joto tangu ule ugonjwa wa Ebola. Kwa kuwa nilikuwa nimesukuma gari kwenye matope, mwili ulikuwa moto. Muuguzi akasoma kipimo, akarudi nyuma hatua mbili. Abiria wote wakarudi nyuma hatua mbili. Hata mama Kahambu, tuliyekula naye.

"Papa, kaa pale ku kivuli. Utulie. Tutapima tena."

Nilitulia nusu saa kama mtoto aliyeadhibiwa, nikifikiri: safari ya kwenda kupewa kibali inakufa hapa, kwa jasho. Alipopima mara ya pili joto lilikuwa limeshuka. Dereva aliniketisha nyuma kabisa, dirishani, mpaka Beni.

Mulekera, siku mbili za kungoja

Beni nililala kwa mama mdogo wangu Kavugho, huko Mulekera. Ana kiwanja kidogo cha mihogo nyuma ya nyumba na mlango wa kuuzia sabuni na sukari mbele. Nilidhani nitalala usiku mmoja. Lakini barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa. Askari walisema magari hayataondoka bila kusindikizwa, na siku ya kusindikiza hakuna aliyeijua. Nikangoja siku mbili.

Mama Kavugho alinipikia sombe, majani ya mihogo, na bugali asubuhi na jioni, na kila akiweka sahani alisema lile lile: "Rudi kwenu. Hapana kupita ile barabara. Ile barabara ilikula Kakule."

Hapa ni lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya wale wasioijua nyumba yetu zamani. Kakule ni mdogo wangu, anayenifuata kwa kuzaliwa. Mimi ndimi niliyemfundisha kazi. Hakumaliza shule, hana diploma, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na sioni haya kulisema. Miaka minne iliyopita, nilipoanza kwa mara ya kwanza kutafuta kazi ya ng'ambo, nilimtuma yeye Kasindi na karatasi zangu zote, za asili na si kopi: diploma, cheti cha kuzaliwa, barua za kazi. Alitakiwa kumpa mtu mmoja atakayezipeleka Kampala zigeuzwe Kiingereza. Nilimtuma kwa sababu nilikuwa na kazi ya haraka ya mtu. Siku ile magari yalishambuliwa njiani. Gari alimokuwa liliungua. Kulikuwa na watu ambao hata ndugu zao hawakuweza kuwatambua. Tulingoja wiki sita, tukaita wachungaji, tukakaa matanga bila maiti. Mke wake Kanyere alikuwa na mimba.

Mama yangu hakunilaumu hata siku moja. Ila tangu siku ile hakunituma tena popote. Akikosa chumvi, anavaa viatu anaenda mwenyewe. Miaka minne.

Karatasi zangu nilizitengenezea duplicata, nakala mpya zenye muhuri. Zilitoka. Mdogo wangu hakuwa na duplicata.

Beni hadi Kasindi

Siku ya tatu tulipangwa kwenye mstari, magari yapata ishirini, pikapu ya askari mbele na nyingine nyuma. Askari mmoja alipita akitazama kadi zetu. "Vieux, okei wapi?" akaniuliza kwa Lingala ninakwenda wapi, nikamjibu Kampala, akacheka: "Uniletee viatu."

Tulipokaribia mahali gari la Kakule lilipoungua, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mtu aliyekuwa akila karanga aliziacha mkononi. Mimi nilikuwa nimejiapiza kutazama. Kwa miaka minne nilikuwa napaona mahali pale usingizini, peusi, na chuma kilichojikunja. Nikatazama. Hapakuwa na kitu. Majani yameota mpaka ukingoni, mabichi, marefu. Mbele kidogo wanawake wameketi nyuma ya mafungu ya mananasi, mmoja akatupungia mkono. Nilishtuka kuliko kama ningekuta mifupa. Nikauma kidole nisilie mbele ya watu.

Kasindi hadi Kampala

Mpakani Mpondwe, ofisa wa upande wa pili alifungua pasipoti yangu akamwita mwenzake: "Kasereka mwingine!" Akaniambia nilikuwa wa sita tangu asubuhi. Nikamweleza kwamba kwetu majina yanafuata mpango wa kuzaliwa, kwamba kila nyumba yenye wavulana watatu ina Kasereka, na yeye, aliyekuwa Mkonzo, akajibu katika lugha yetu wenyewe kwamba anajua, alikuwa akinichezea tu. Moyo wangu ulipoa. Mtu huvuka mpaka akidhani amefika ugenini, kumbe anakuta anasalimiwa kama nyumbani.

Kampala ilinirudisha mahali pangu. Niliingia kwenye kibanda cha chakula, nikasema kwa sauti ya kiume, kama ninavyosema Butembo, "Mama, naomba chakula." Mwanamke aliyekuwa amenishikia sahani ya matoke aliirudisha nyuma. Watu wawili wakaacha kula. Akaniuliza polepole, "Wewe ni askari?" Sikuelewa. Nikaonyesha mikono yangu yenye makovu ya chuma, na hilo likazidi kuwatia hofu. Mzee mmoja ndiye aliyenieleza baadaye kwamba pale Kiswahili walikizoea kinywani mwa watu wenye bunduki, tangu zamani. "Anza na salamu," akaniambia, "kisha useme uko na njaa." Nikaanza upya, na salamu. Nikapewa matoke, mchuzi wa karanga, na kipande cha nyama ambacho sikukiomba.

Ofisini

Mashine ya vidole ilinikataa mara tatu. Mfanyakazi alifuta kioo, akafuta vidole vyangu, akabonyeza tena. Miaka kumi na nane ya kushika chuma imelamba alama zote. Nikaambiwa nikae. Baada ya muda nikaitwa kwenye chumba kingine, kidogo, meza moja na viti vitatu, nami nikadhani ni habari ya vidole. Nikaingia nikijieleza: "Madame, ni kazi njo inaharibu vidole, mais ni vyangu kabisa."

Ofisa alikuwa mwanamke mweupe wa nywele fupi. Pembeni yake aliketi mtafsiri, Bi Zuhura, mwenyeji wa Mombasa kama alivyojitambulisha, amevaa mtandio wa kijivu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama msumari mpya, na changu kilimfanya akunje uso kidogo kila mara ili anisikie.

"Bwana Kasereka," akasema baada ya ofisa kusema, "umewahi kuingia katika nchi yetu?"

"Hapana. Hata ndege sijapanda."

"Una hakika?"

"Mama, ndege naiona juu tu."

Ofisa aliandika. Kisha akauliza, na Bi Zuhura akageuza: "Mke wako anaitwa nani?"

"Masika."

"Na Kanyere ni nani?"

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji shingoni. Nilikuwa sijalitaja jina hilo katika karatasi yoyote. "Kanyere ni bibi ya ndugu yangu. Ndugu yangu alikufa."

Walisemezana kwa Kiingereza. Bi Zuhura alinirudia, safari hii akichagua maneno: "Kwa rekodi zao, Kasereka, mzaliwa wa Butembo, tarehe hii hii, diploma hii hii, yupo kwao zaidi ya miaka miwili. Alipewa kibali cha kazi cha fundi stadi. Anachonga vyuma. Na sasa anaomba mkewe Kanyere na mtoto wao wamfuate. Wewe ni nani?"

Nilicheka. Naona haya, lakini nilicheka. Nikasema kuna makosa ya jina, Butembo Makasereka ni wengi kama majani ya ndizi. Ofisa hakucheka. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu.

Ilikuwa picha ya pasipoti. Mwanaume mnene kiasi, amenyoa, kola nyeupe. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu kama mkia wa mjusi. Kovu lile nilikuwepo likizaliwa. Kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye mashine yangu, nami nikafunga damu kwa shati langu.

Sikumbuki kusimama. Kiti kilianguka. Nilikuwa nimeshika kompyuta ya watu kwa mikono miwili nikipiga kelele: "Kakule! Iko muzima! Ndugu yangu iko muzima! Mungu, ndugu yangu iko muzima!" Mlinzi aliingia. Ofisa alimwinulia mkono, angoje. Machozi yalikuwa yananitoka, kamasi pia, na nilikuwa nacheka.

Bi Zuhura hakuwa amegeuza neno hata moja. Alikuwa ananitazama. Ofisa akamgusa bega, aseme nimesema nini, naye, badala ya kumjibu, akaniuliza mimi, polepole sana:

"Ndugu. Ndugu wa tumbo moja? Ama ndugu kwa imani, kama mnavyoitana kanisani?"

Nami nikajibu mbio, kwa furaha: "Wa tumbo moja! Mama yangu alimuzala nyuma yangu!"

Alifumba macho kidogo. Kisha akageuza.

Niliona uso wa ofisa ukibadilika, si kwa ubaya, ila kama mtu aliyepata hesabu yake. Akaandika kwa muda mrefu. Na hapo, nikiwa bado na machozi ya furaha, ndipo akili iliponirudia, nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimemfufua mdogo wangu na kumkabidhi, yote kwa pumzi moja.

Maswali yaliendelea mpaka mchana. Mwishoni niliambiwa faili langu limesimamishwa mpaka la kwanza lieleweke. Ofisa alinipa maji kwa mkono wake mwenyewe, akasema kitu, Bi Zuhura akageuza: "Anasema anafurahi kwamba nduguyo yu hai."

Bi Zuhura alinifuata mpaka mlangoni. "Kaka," akasema, "nilikupa mlango."

"Mulango gani?"

Alinitazama, akaona sikuujua. "Basi," akasema. "Nenda salama. Msalimie mama."

Nilitembea Kampala jioni nzima bila kuona Kampala. Nilikuwa na hasira, kisha furaha, kisha naona majani yale ya barabarani, kisha hasira tena. Miaka minne nilikuwa muuaji nyumbani kwetu, na maiti alikuwa anakula mshahara kwa jina langu.

Kyavinyonge

Kutoka Kasindi sikurudi Beni. Nilishuka Kyavinyonge, ziwani, kwa Kanyere. Baada ya matanga alirudi kwa wazazi wake pale, anauza samaki. Nilisema: mjane ndiye wa kwanza kuambiwa. Njia nzima nilipanga maneno, jinsi ya kumkalisha, nani amshike akizimia.

Nilimkuta ameinama juu ya beseni la tilapia, anapara magamba. Binti yao, Gloria, alikuwa akicheza na mikia ya samaki mlangoni.

"Karibu, Papa Josué," akasema, maana mzaliwa wangu wa kwanza ni Josué. "Mbona umekonda?"

"Kanyere, acha kisu. Kaa chini."

"Sema tu."

"Kakule iko muzima."

Kisu hakikusimama. Kiliparua samaki yule upande mmoja, kikamgeuza, kikaanza upande wa pili. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Nani alikuambia?"

Mjane hawezi kuuliza hivyo. Mimi ndiye niliyekaa chini.

"Ulijua?"

"Tangu siku matanga iliisha, Gloria akiwa bado mu tumbo. Aliita na namba ya Uganda."

"Na ulivaa nyeusi!"

"Nilivaa mwaka muzima. Mama mukwe alinifunga kitambaa kesho yake, na mikono yake mwenyewe, nami najua bwana yangu iko anakula maharagi ku kambi ya wakimbizi. Unafikiri ilikuwa mwepesi?" Sasa aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Bunduki zilianza, akaruka, akakimbia mu pori. Begi yako ilikuwa ku mugongo. Siku tatu na batu asiojua. Akatokea upande ya Uganda. Alipopata simu ya kuita, mulikuwa mumekwisha kukaa matanga. Alisema, sasa narudi kufanya nini, niko maiti? Mutu moja ku kambi alitazama zile karatasi zako, akamwambia: hii diploma ni ndege. Omba pasipoti na jina yake, weka picha yako tu."

"Na mimi? Mimi pia nilikuwa maiti?"

"Alisema wewe uko na atelier."

Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na simu. Akanionyesha fomu, ile aliyojaza ili amfuate. Mume: Kasereka. Mtoto: Gloria, binti wa Kasereka. Jina langu lote, na tarehe yangu ya kuzaliwa.

"Kwa makaratasi," akasema, "mimi ni bibi yako."

Mtoto alicheka mlangoni kwa sababu ya samaki fulani. Nilishindwa kumtazama.

"Uliambia bale batu nini?" Kanyere akauliza. Nikamweleza yote, kelele zangu, na swali la yule mama wa Mombasa: wa tumbo moja au wa kanisani. Alipolisikia, alijipiga mapaja.

"Ungesema wa kanisa! Papa Josué! Neno moja tu! Yule mama alikufungulia, na wewe ukafunga!"

Ndipo nilipouona mlango: ndugu wa kanisani angebaki Kasereka mwingine tu, na Bi Zuhura asingelitaja jina la Kakule. Nilikuwa nimevuka mpaka na nusu ya Uganda nikiufikiria bila kuujua.

Kanyere alilia basi, kwa muda, akiwa amesimama. Kisha akakausha uso, akakaanga tilapia mbili, akaziweka mbele yangu na bugali. "Kula. Mulima wa Kyondo, ya kupanda Butembo, ni murefu." Nilikula. Nilikuwa na njaa, na niliona aibu kuwa na njaa.

Mususa

Nilifika nyumbani Jumamosi. Mama alikuwa uani anachagua maharagi, Masika anafua. Sikungoja hata kuvua viatu. Nilisema kwa Kinande, lugha yetu, ili nisikosee, kwamba Kakule yu hai, kisha nikarudia kwa Kiswahili.

"Sema tena," akasema mama.

Nikasema tena.

"Tena."

Mara ya tatu ungo ulimponyoka, akamwita Mungu: "Nyamuhanga wee!" Alilala chini kabisa, uso kwenye udongo, kati ya maharagi, mama wa miaka sabini, na Masika akakimbia akadhani amekufa. Hakufa. Alikuwa anacheka ndani ya udongo. Alipoinuka aliuliza kama huko kuna baridi, kama amenenepa, kama Kanyere anajua. Nikamwambia Kanyere alijua. Akatikisa kichwa, akasema: "Nilimufunga kitambaa. Na alikubali." Ni hapo tu nilipomwona amekasirika.

Kisha nikamwambia lile gumu. Kwamba ofisini niliulizwa ni ndugu wa namna gani, na nikasema wa tumbo moja, na kwamba kwa neno hilo huenda wakamfukuza, pengine wakamfunga. Nikangoja anilaani.

"Na ungesema nini?" akasema mama. "Tumbo ni yangu."

Kesho yake kanisani alisimama mbele. Mchungaji, aliyekuwa ameongoza matanga yale, alimuuliza kwa sauti ya chini kama aitishe sala ya shukrani au ya toba, maana kuna udanganyifu ndani yake. Sisi wa viti vya mbele tulisikia mama akijibu: "Yote mbili, pasta. Mais tuanze na shukrani, toba itangojea." Wengi wenu mlikuwepo, mkaimba bila kujua mnaimba nini. Sasa mnajua.

Juma lililofuata ilikuja barua. Ombi langu limekataliwa: diploma yangu imetumika tayari, na mpaka ithibitishwe ni ya nani siwezi kuomba tena. Kibali cha yule mwingine kinasimamishwa mwisho wa mwezi, ameitwa kujieleza. Basi, kwa wale wanaouliza: visa haikutoka. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili ya kwenda ng'ambo, nami nimeifunga yote miwili kwa ulimi wangu. Mnaotaka kunihukumu, atelier yangu mnaijua. Mimi mwenyewe bado sijamaliza kujihukumu. Wala kumsamehe Kakule sijamsamehe. Namba yake alinipa Kanyere, na kila nikiifungua naifunga.

Juzi, saa sita za mchana, simu iliita yenyewe, namba ya mbali. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyanoa kwa siku nyingi. Lakini mama alinyoosha mkono, nami nikampa simu, nikaifungua sauti sote tusikie. Nyuma ya simu mashine ilikuwa inanguruma, mashine ya kuchonga. Nilijua sauti yake. Kisha ikazimwa.

"Allo?" ikasema sauti ya mtu. "Ni Kasereka."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema vile mtu anavyosema akizoea. Miaka zaidi ya miwili hakuna aliyemwita kwa jina lingine.

Mama alishika simu kwa mikono miwili, mbele ya midomo yake.

"Kasereka amekaa hapa mbele yangu," akasema. "Namuona na macho. Wewe ni nani?"

Masika akainama kutazama kama simu imekatika. Haikukatika. Tulisikia mtu anavuta pumzi, anaishikilia, anaiachia.

"Ni Kakule, mama," akasema.